Ganzi ya miguu: damu ipimwe nini, na kwanini ipimwe kabla ya sindano ya vitamini

Mtu akianza kuhisi vidole vya miguu vinakufa ganzi, au nyayo zinawaka moto usiku mpaka anaitoa miguu nje ya shuka, au anahisi kama chungu wanamtembea ndani ya ngozi, huku kwetu Unguja na Pemba njia yake mara nyingi ni moja. Kwanza ataambiwa hio ni baridi, achuliwe na mafuta ya karafuu. Halafu jirani atamwambia nenda famasi wakuchome ile sindano nyekundu ya vitamini. Akishachomwa mbili tatu na nafuu hakuna ndo anakwenda hospitali, na anafika maabara na ombi moja tu, nipimeni damu vipimo vyote nijue nina nini. Mimi kazi yangu ni maabara na hili nnaliona sana, na linaniuma, kwa sababu mtu anaweza kutoa chupa nne za damu akapewa majibu yote "kawaida" akarudi nyumbani na ugonjwa wake vile vile, na si kwamba damu haikuwa na jibu, ni kwamba imeulizwa swali silo au imeulizwa wakati sio.

Tuanze na kitu ambacho wengi hawaambiwi. Hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachoonyesha mshipa wa fahamu ulioharibika. Ugonjwa wenyewe, yani kuharibika kwa mishipa ya fahamu iliyo nje ya ubongo na uti wa mgongo, daktari anaujua kwa maelezo yako na kwa mikono yake. Atakugusa nyayo kwa kiuzi cha plastiki kinachopinda kwa uzito wa gramu 10 aone kama unasikia, atakuwekea chuma kinachotetemeka kwenye kidole gumba cha mguu, atakugonga nyuma ya kifundo cha mguu aone kama mguu unaruka. Ikibidi kuna mashine za kupima umeme wa mishipa. Damu inakuja baada ya hapo na kazi yake ni kutafuta kwanini mishipa imeharibika. Sababu ziko nyingi mno, na kila kipimo kinajibu swali moja tu, kipimo cha sukari hakijui chochote kuhusu vitamini na kipimo cha vitamini hakijui chochote kuhusu figo.

Kwa hio kabla ya damu, angalia ganzi imekaaje. Mshipa mrefu kuliko yote mwilini unatoka kiunoni mpaka kwenye vidole vya miguu, kama mita moja kwa mtu mzima, na chakula chake chote kinatoka huko juu. Ni kama maji ya bomba mtaani, presha ikishuka nyumba ya mwisho ndo inakosa mwanzo. Ndo maana kitu kinachosumbua mwili mzima, sukari au upungufu wa vitamini kwa mfano, huanzia kwenye vidole vya miguu yote miwili kwa pamoja, kinapanda pole pole, na kikifika karibu na magoti ndo ncha za vidole vya mikono nazo zinaanza. Ganzi ya namna hio damu ina mengi ya kuisemea. Lakini mama anaeshona kofia au kusuka ukili kutwa, na usiku kidole gumba, cha shahada na cha kati cha mkono mmoja vinakufa ganzi mpaka anakung'uta mkono, huyo uwezekano mkubwa mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Na ganzi inayoshuka kutoka kiunoni kwa mguu mmoja, hio ni mgongo zaidi kuliko damu. Hawa wote wanakuja kupimwa "vipimo vyote" na wanaondoka na karatasi isiyowasaidia.

Mwaka 2009 chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani kilitoa muongozo kuhusu hii ganzi inayoanzia miguu yote miwili, kikasema vipimo vya damu vyenye faida zaidi ni vitatu: sukari, vitamini B12 pamoja na vipimo vinavyoisaidia, na protini za damu. Vitatu tu. Vyengine vinaongezwa kwa kufuata historia ya mgonjwa.

Sukari ndo sababu inayoongoza, na ndo kipimo kinachowapa watu matumaini ya uongo kwa vile kinapimwa ovyo. Mtu kachomwa kidole saa nne asubuhi, kashakunywa chai na andazi, mashine ikasoma milimoli 6.8 kwa lita, akaambiwa wewe huna sukari. Hio namba peke yake haijaondoa kitu. Sukari ya njaa inataka masaa 8 bila ya chakula wala chai, maji matupu hayana tatizo, na ikifika 7.0 na kuendelea ni kisukari, ikiwa 6.1 mpaka 6.9 kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani uko njiani. Mwezi wa Ramadhani hapa panatokea mkanganyo kila mwaka, mtu anakuja saa mbili asubuhi anasema nimefunga, ndio umefunga, lakini daku umekula saa kumi na moja alfajiri, hio ni masaa matatu tu. Bora aje baada ya saa saba mchana au alasiri, na kutoa damu kidogo ya kipimo maulamaa wengi wanasema hakubatilishi saumu.

Kipo na kile cha HbA1c, ambacho watu wanakiita sukari ya miezi mitatu. Hichi hakitaki njaa, kinaangalia sukari iliyojibandika kwenye chembe nyekundu, na kwa sababu chembe nyekundu inaishi kama siku 120 kinakupa wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari. Kizuri sana, ila kina mtego wake kwa watu wetu, mwenye selimundu chembe zake zinakufa mapema kwa hio haziwahi kubeba sukari ya kutosha, jibu linatoka chini kuliko ukweli. Mwenye kurithi selimundu kwa upande mmoja tu, inategemea mashine. Na upungufu wa madini ya chuma nao unaweza kulipandisha jibu. Ukijua una selimundu au kwenu ipo, sema, usingoje uulizwe.

Na kama sukari ya njaa ni nzuri lakini nyayo bado zinawaka, kuna kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 halafu unakaa masaa mawili unapimwa tena. Ikifika 11.1 ni kisukari, ikiwa kati ya 7.8 na 11.0 mwili umeanza kushindwa kuitumia sukari, na miguu inayowaka inaonekana hata kwa watu wa kiwango hichi cha kati. Kipimo hichi kinachosha, kinataka ukae, wengi wanakikimbia, lakini kwa ganzi isiyojulikana sababu mimi nnakipenda.

Jengine kuhusu sukari, hili wa shamba lawahusu zaidi. Damu ikishatoka mwilini chembe zake bado zinakula sukari. Ikikaa kwenye chupa ya kawaida bila ya baridi, sukari inapungua kama asilimia 5 mpaka 7 kila saa. Chupa ya kizibo cha kijivu ina dawa ya kuzuia hilo, ijapokuwa haizuii mara moja. Sasa damu ikitolewa Micheweni kwenye chupa ya kawaida ya kizibo chekundu, ikangoja gari, ikafika Chake Chake baada ya masaa matatu, mtu wa 7.3 anaweza kusomeka 6.1. Uliza damu yako inapimwa hapo hapo au inasafiri.

Sasa tuje kwenye B12, na hapa ndo nnaomba tukae.

Vitamini B12 ndo inayosaidia kutengeneza ile ngozi ya mafuta inayofunika mshipa wa fahamu. Ikipungua, mshipa unavuliwa nguo, ganzi inaanza, na ikiachwa inapanda mpaka uti wa mgongo, mtu anaanza kuyumba akifumba macho au akitembea gizani. Hii ni moja katika sababu chache zinazotibika kabisa ikiwahiwa, kwa hio kuikosa ni hasara kubwa.

Kila nikisema hili naambiwa, sisi watu wa pwani tunakula samaki, hio itatupungukiaje? Ni kweli B12 imo kwenye samaki, pweza, chaza, dagaa, nyama, mayai na maziwa. Lakini kuila si kuipata. Inataka asidi ya tumbo iitoe kwenye chakula, inataka kitu maalumu kinachotengenezwa na ukuta wa tumbo kiibebe, halafu inataka mwisho wa utumbo mwembamba iingie kwenye damu. Mzee anaekunywa metformini za kisukari kwa miaka, njia yake ya kuipokea inapungua. Mwenye vidonda vya tumbo anaekunywa omeprazoli mwaka hadi mwaka, asidi imezimwa. Uzee wenyewe unapunguza asidi. Na kuna watu mwili wao unashambulia ukuta wa tumbo wenyewe, hao hata wale pweza kila siku hawapati kitu. Tena ini linaweka akiba ya miaka kadhaa, ndo maana mtu anaanza dawa leo ganzi inakuja miaka baadae na hakuna anaeunganisha. Na tusisahau kuwa si kila nyumba ya pwani ina samaki kila siku kwa bei za sasa hivi, wapo wanaoshindia muhogo na mboga.

Hebu mchukue mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi. Kila mtu anasema ni sukari tu, faili linafungwa. Inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa metformini imemkausha B12, na inaweza kuwa vyote viwili, na kwa kuitazama miguu huwezi kutofautisha. Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri wanaotumia metformini muda mrefu wapimwe B12 mara kwa mara, hasa wakiwa na ganzi au upungufu wa damu. Ukihudhuria kliniki ya sukari, iwe Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee kule Mkoani, uliza hili kwa adabu tu, daktari nna miaka kadhaa kwenye metformini, B12 yangu tuitizame?

Jibu lenyewe linasomwaje? Maabara nyingi zinasema chini ya 200 ni upungufu, kwa kipimo cha pikogramu kwa mililita, ambayo ni sawa na kama 148 kwa pikomoli kwa lita, kwa hio angalia kipimo kilichoandikwa pembeni kabla hujashtuka. Tabu iko kati ya 200 na 400. Hapo kuna watu wazima na kuna wagonjwa, na namba peke yake haiwatenganishi. Ndo vinakuja vipimo viwili vya kusaidia, asidi ya methilimaloniki na homosisteni, hivi ni vitu vinavyorundikana mwilini B12 ikikosa kufanya kazi yake. Vikiwa juu, seli zina njaa ya B12 hata kama namba inaonekana ya wastani. Ila figo mbovu nazo zinavipandisha, na homosisteni inapanda pia kwa upungufu wa foleti, yani foliki asidi, kwa hio vinasomwa pamoja na figo. Uliza mapema kama vinafanyika hapo ulipo au sampuli itavushwa Dar, na gharama yake, usije ukakwama njiani.

Na ile picha ya damu, FBP, ambayo watu wanadhani ndo vipimo vyote? Inahesabu chembe na kupima ukubwa wake. B12 ikipungua chembe nyekundu zinakuwa kubwa, wastani wake unapita 100. Ukiliona hilo ni dalili nzuri ya kufuata. Usipoliona, usitulie. Mishipa inaweza kuharibika kabla damu haijabadilika hata kidogo. Na mtu akiwa na upungufu wa chuma au thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao upo sana mwambao huu wetu, chembe zake zinavutwa ziwe ndogo, kubwa na ndogo zikichanganyika wastani unatoka mzuri kabisa. Vile vile vidonge vya foliki asidi vikitumiwa peke yake vinaweza kuirekebisha damu huku mishipa inaendelea kuharibika kimya kimya.

Haya, ile sindano nyekundu. Ndani yake mna B1, B6 na B12 nyingi mno. Ukichomwa, B12 ya kwenye damu inaruka juu na inaweza kukaa juu wiki au miezi. Ukija kupimwa baada ya hapo tutakuandikia kawaida, au juu ya kawaida, na tutakuwa tumesema kweli kuhusu sindano, si kuhusu wewe. Hata methilimaloniki na homosisteni zinashuka baada ya sindano. Kwa hio swali la msingi, je huyu mtu alikuwa na upungufu na atahitaji sindano maisha yake yote, limefutika. Sisemi watu wasichome. Nasema damu itolewe kwanza. Damu saa mbili, sindano saa tatu, siku ile ile, hakuna kilichocheleweshwa. Na kama ushachoma, mwambie daktari umechoma lini na ngapi, atatafuta njia nyengine, pengine picha ya damu ya zamani unayo nyumbani, pengine ukubwa wa chembe ambao hauondoki kwa siku moja, pengine ataamua kukutibu kama mwenye upungufu.

Kuna na jambo zito zaidi. Ile B6 ndani ya hizo dawa, kwenye vidonge vyengine ni miligramu 100 au 200 kwa kidonge kimoja, na mtu mzima anahitaji chini ya miligramu 2 kwa siku. B6 nyingi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu mishipa ya fahamu, inaleta ganzi ile ile. Yani mtu anakunywa vidonge vya ganzi, ganzi inaongezeka, anaongeza vidonge. Inavunja moyo sana.

Lakini B6 ikikosekana nayo ni tatizo, hasa kwa wanaotibiwa kifua kikuu, kwa sababu isoniazidi inaimaliza, ndo maana wanapewa kile kidonge kidogo cha pairidoksini, yani B6 yenyewe, pamoja, kisiachwe. Na hapa tumefika kwenye dawa kwa jumla. Dawa za saratani kama vinkristini na sisiplatini, metronidazoli ikitumiwa wiki kwa wiki, na baadhi ya dawa za zamani za VVU kama stavudini, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe tangu 2009, zote zinaweza kuacha ganzi. Hakuna chupa ya damu itakayokwambia hayo. Tia dawa zako zote kwenye kikapu, za hospitali, za famasi na za miti shamba, umuonyeshe daktari. Na pombe pia. Nnajua kwetu jambo hili lina haya yake, mtu hataki hata mke ajue, lakini pombe ya miaka inaharibu mishipa na inamaliza B1, na daktari akijua anatibu. Mwambie mkiwa wawili.

Vyengine nnavipitia mbio. Kreatinini na urea kwa ajili ya figo. Kipimo cha thairoidi, tezi ya shingoni, hasa mtu akiwa mzito, mchovu, anasikia baridi watu wengine wanatoka jasho. Vipimo vya ini. VVU na kaswende, bila ya kuoneana haya, na homa ya ini aina ya B na C. Vyote hivi ni rahisi na vina maana.

Cha protini za damu kinaitwa elektroforesisi, na wengi hawajawahi kukisikia. Kinatafuta protini ya aina moja iliyozalishwa kupita kiasi na seli za kwenye uboho. Protini hio inaweza kushambulia mishipa yenyewe, au ikawa ishara ya saratani ya uboho iliyojificha. Kwa mzee wa miaka 60 mwenye ganzi inayokwenda kwa kasi, amekonda, mifupa inamuuma, figo zimeanza kutetereka, hichi kipimo kisikosekane hata kama sampuli itabidi ivuke bahari.

Kwanini basi tusipime kila kitu tumalize? Kwa sababu kiwango cha kawaida kinachoandikwa kwenye karatasi kwa kawaida kinapangwa watu 95 katika kila 100 wenye afya waingie ndani, watano wanabaki nje na hawana ugonjwa wowote. Mpime mtu mwenye afya kabisa vipimo 20 visivyohusiana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya kiwango ni kama 64 katika 100. Hapo ndo familia inauza mbuzi kufuatilia namba iliyotoka nje kwa bahati tu. Vipimo vya kingamwili za lupasi, ule ugonjwa wa mwili kujishambulia wenyewe, vina tabia hio sana, watu wengi wasio wagonjwa wanazo kidogo.

Na kuna ugonjwa mmoja ambao upo visiwani kwetu bado na damu haiutambui kabisa: ukoma. Baka lililofifia rangi na ukiligusa halisikii, ganzi isiyolingana pande mbili, mshipa uliovimba unaoushika kwa kidole nyuma ya kiwiko, hayo ni ya kutazamwa na macho na kuchukua majimaji ya ngozi. Dawa yake ni bure na inaponya. Fundi wa maabara anaweza kukupima vipimo vyote vya makala hii, vyote vikawa safi, na baka liko mgongoni hakuna aliyekuvua shati.

Ganzi inayopanda kwa siku chache tu na miguu inalegea, au pumzi inakuwa nzito, au umeshindwa kuzuia mkojo, au upande mmoja wa mwili umekufa ghafla, usiende kupanga foleni ya maabara, nenda dharura sasa hivi hata kama ni usiku.

Wapo watakaopimwa vizuri, kwa mpangilio, na sababu isipatikane. Ni wengi, kama robo ya wagonjwa hivi. Hao maumivu yao yanatibiwa vile vile, na sukari na B12 zinarudiwa baadae kwa sababu sababu nyengine zinajitokeza baada ya muda. Wakati huo nyayo zikaguliwe kila usiku, na ile tabia ya kutia miguu kwenye maji ya moto na chumvi iachwe kabisa, mguu usiosikia unaungua na mwenyewe hajui.

Na aliyepatikana na sababu akaanza dawa asikate tamaa mwezi wa kwanza. Mshipa wa fahamu unaota kama milimita 1 kwa siku, sentimita 30 tu ni kama miezi kumi. Wengine wanaanza kuhisi maumivu mapya miguu ikianza kurudi, wanadhani dawa imewadhuru wanaacha. Andika tarehe uliyoanza, andika ganzi imefika wapi kwenye mguu siku hio, rudi kwa daktari na hio karatasi.